Paka Asiye na Chanzo

Sauti yake niliisikia kabla sijamwona. Ilikuwa siku yangu ya kwanza katika nyumba za kupanga za Migosi, mjini Kisumu, nami nimeinama sakafuni nikifungua kamba za godoro, pale sauti ya mwanamke ilipopenya ukutani, tulivu, kama mtu anayeagiza sukari dukani. "Ni kweli niliwachukua wale ng'ombe," ilisema. "Niliwavusha mto alfajiri. Lakini sikujua kwamba wana mwenyewe." Kiti kikaburutwa, na sauti ile ile ikaja kutoka upande wa pili wa chumba, sasa imejaa uchungu: "Ng'ombe ni wangu. Yule mwenye baka jeupe nilimpa jina mimi mwenyewe."

Niliacha godoro palepale. Nilidhani nimepanga chumba ukuta kwa ukuta na wezi wa mifugo walioamua kusuluhishwa. Nikaenda kugonga kwa kisingizio cha kuomba chumvi, na mlango ukafunguliwa na mama mrefu, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo, kitambaa kichwani kimekaa upande. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Palikuwa na viti viwili vinavyotazamana na kompyuta juu ya meza yenye kitambaa cha kusokotwa. Alinipa chumvi kwenye kikaratasi, akaniambia niketi kiti cha mshtakiwa, kwa sababu kile cha mlalamikaji mguu wake ulikuwa mbovu.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mkalimani. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watoto, na hata mchungaji alipomwombea dua alimtaja mbele za Mungu kwa jina hilo la kazi.

Alikuwa amestaafu, lakini kazi haikuwa imestaafu ndani yake. Kwa miaka mingi alisimama mahakamani kati ya hakimu na watu, akigeuza Kiluo kuwa Kiswahili au Kiingereza, kisha akirudi njia ile ile na jibu. Mkalimani hasemi "anasema aliiba." Husema "niliiba." Huchukua maneno ya mtu pamoja na nafsi yake. Kwa hiyo mama huyu, ambaye sikuwahi kumwona akipita hata na kiberiti cha mtu, alikuwa amekiri mbele ya umma kuiba, kupigana, kutelekeza wake, na kuuza shamba moja kwa wanunuzi wawili. Sokoni walimtania. Akikaribia meza za kuku utasikia sauti moja ikiwaonya wengine kwamba aliyekiri amefika, wafunike vikapu. Naye hujibu, bila kupunguza mwendo, kwamba kesi ya kuku alishaimaliza, ya mbuzi ndiyo bado anaifikiria.

Kilichomfanya aandike, aliniambia, ni mlango wa mahakama. Kila kesi ilipokwisha, watu walimngoja pale nje wakamshika mkono wa blauzi na kumuuliza: Mama, amesema nini? Hukumu imesomwa kwa Kiingereza kirefu, imechapishwa, imepigwa muhuri, na aliyeshinda anatoka akifurahi bila kujua ameshinda nini hasa, wala aliyeshindwa hajui ameshindwa kwa lipi. Yeye aliwaeleza pale pale kwenye ngazi, mpaka askari awafukuze. Alipostaafu alihisi watu wale bado wamesimama kwenye ngazi. Ndipo mpwa wake alipomwonyesha ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuandika, na akagundua kwamba kwa Kiswahili ilikuwa na mengi kuhusu sayari na wachezaji wa mpira, lakini kuhusu kesi zetu, karibu hakuna kitu. Alinisimulia hayo kwa furaha ya mtu aliyegundua shamba zuri lisilolimwa.

Aliandika kwa vidole viwili. Hukumu aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, kama ilivyokuwa kazini, mara ya pili akiwa ameketi, na baada ya hapo aliandika makala yake: nani alimshtaki nani, kila upande ulidai nini, mahakama iliamua nini na kwa msingi gani, na uamuzi huo ulibadilisha nini. Halafu vilikuja viti. Huketi kiti cha mlalamikaji na kusoma sehemu ya mlalamikaji kwa "mimi," kisha huhamia cha mshtakiwa na kusoma sehemu ya mshtakiwa kwa "mimi." Akikwama, akiona aibu, au akijikuta anasoma kwa kejeli, hurudi kwenye kompyuta.

"Aliyeshindwa lazima aweze kuketi hapa na kusema, ndivyo nilivyosema," aliniambia. "Kama hawezi, hiyo sio makala. Hiyo ni udaku."

Mimi nilikuwa napenda maneno. Aliponiruhusu kumsaidia niliandika kwamba mjane fulani alisimama kizimbani kama mche mwembamba katika upepo wa ziwa. Alisoma sentensi hiyo polepole, akaisifu kwa dhati, akaniuliza upepo huo uko ukurasa gani wa hukumu. Nikaufuta. Akaniambia niutunze, nitauhitaji kwingine. Jumamosi iliyofuata alimsimulia muuza mboga habari za mjane yule yule, na katika masimulizi yake kulikuwa na upepo, mvua, radi, na punda aliyelia nje ya dirisha.

Ndivyo alivyokuwa. Kwenye makala hakukubali kivumishi kimoja kipite bila kuhojiwa. Mdomoni hakuwa na breki. Kwenye makala hakuelemea upande; mbele ya redio, mpira ukichezwa, aliwatukania marefa ukoo mzima na kuapa kwamba wamehongwa. Nilimkumbusha siku moja kuhusu kutoelemea upande. Alinijibu kwamba refa hajaandikiwa makala.

Neno lake kubwa lilikuwa "chanzo." Katika kamusi ile huandiki unachokijua, unaandika kilichochapishwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kukisoma. Sheria hiyo aliipenda hata ikamfuata nje ya kompyuta. Ukimwambia mvua inakuja, anauliza chanzo. Kijana wa maziwa alipomhakikishia kwamba maziwa ni ya asubuhi hiyo, alimuuliza chanzo, na kijana akasema chanzo ni ng'ombe. Mkalimani alifikiri, akasema huyo hawezi kutegemewa, ana maslahi katika jambo lenyewe. Lakini alinunua.

Sheria hiyo ndiyo ilimnyima paka.

Kati ya kesi zote alizoziandikia makala, moja aliipenda kuliko nyingine: kesi ya wanawake wa omena. Kule Nyakach, upande wa ufuoni ukitoka soko la Pap Onditi, wanawake walikuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, kwenye kiwanja cha mchanga tangu enzi za bibi zao. Bwana mmoja akanunua ardhi hapo, akapata hati, akaweka uzio mpaka ukingoni mwa maji. Wanawake wakaenda mahakamani Kisumu, wakiongozwa na Mama Apiyo, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga mahakamani hata kama shahidi. Jaji aliamua kwamba hati haiwezi kumeza njia na kiwanja ambacho watu wote wamekitumia miaka yote, na uzio ukarudishwa nyuma. Mkalimani ndiye aliyekuwa mdomo wa wanawake wale siku hiyo.

Na siku hiyo, alisema, walileta gunia la omena mahakamani kama kielelezo, ili jaji aone kazi yao ni kazi gani. Gunia likawekwa mezani. Harufu ikajaza chumba. Ndipo paka akaingia, paka wa rangi ya majivu asiyejulikana na mtu, akapita katikati ya mawakili, akaketi mbele ya kielelezo, akakitazama. Karani alimfukuza, akarudi. Askari alimbeba nje, akaingia kwa dirisha. Wakili wa mwenye uzio akasimama na kupinga kuwepo kwa paka. Jaji akajibu kwamba haoni sheria ambayo paka ameivunja, na kwa kuwa ameketi kwa adabu kuliko baadhi ya waliomo, shauri liendelee.

Nilimsihi aweke paka kwenye makala. Hata mstari mmoja. Alikataa. Kwenye hukumu hayumo, na hakuna gazeti lililomwandika. "Lakini wewe ulikuwepo," nilimwambia. Akajibu kwamba ndiyo, alikuwepo, ndiyo maana hawezi kuwa chanzo.

Basi, paka alibaki kwenye sebule ya Mkalimani. Kila Jumamosi Mama Apiyo na wenzake, wakimaliza kuuza mjini, walipitia Migosi kula naye, na paka alisimuliwa upya, kila mara akiwa mnene zaidi. Na kila mara, kabla ya kuondoka, Mama Apiyo aliomba asomewe makala yao. Hakujua kusoma. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na Mkalimani akifika pale panaposema kwamba mahakama iliamua kwa upande wa walalamikaji, aligonga goti la jirani yake.

Ndipo Jongoo alipotokea.

Hilo lilikuwa jina lake kule kwenye kamusi. Wahariri wengi hawaandiki majina yao. Jongoo aliweka tangazo juu ya makala: anapendekeza ifutwe, kwa sababu chanzo chake ni hukumu peke yake, na hakuna anayeonyesha kwamba kesi hiyo ina umuhimu kwa yeyote nje ya waliohusika. Wahariri wakaalikwa watoe maoni. Mkalimani hakukasirika. Alisema Mheshimiwa Jongoo ana hoja, na akaanza kutafuta vyanzo vingine, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

Wanawake hawakuwa na utaratibu huo. Waliposikia kwamba makala inaweza kufutwa, walielewa kwamba kesi inasikilizwa upya, na kwamba safari hii hawajaitwa.

"Huyo Jongoo ni mwenye uzio," Mama Apiyo alisema. "Ameshindwa mahakamani, sasa amepitia kwa simu."

"Chanzo?" Mkalimani aliuliza kutoka jikoni, alikokuwa anakaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki ambaye minofu yake imeshakwenda kwa wenye pesa.

"Roho yangu."

Mafuta yalikuwa yakilia kwenye sufuria, na Mkalimani akarudi kuyashughulikia. Kule sebuleni, Apiyo, binti wa mama huyo, alitoa simu yake akaiunganisha na intaneti ya nyumba. Akamfungulia mama yake akaunti, akamwandikia maoni yake kama alivyoyasema, akatoka humo akamfungulia aliyefuata. Simu ikatembea kwenye kochi kutoka paja hadi paja. Mkalimani alisikia vicheko akadhani wanatazama picha za arusi. Mimi nilikuwa nimeketi palepale nikimenya vitunguu, na nilidhani hivyo hivyo.

Maoni yale bado yapo, na nikiyasoma husikia sauti zao. Mimi nilikuwepo, hii ni kweli, Mungu anajua. Usifute, hata leso yangu ya manjano jaji aliiona. Mimi ndio nilibeba gunia. Jongoo, toka.

Siku chache baadaye ukuta wangu uligongwa kwa mwiko. Ndivyo alivyoniita akinihitaji. Nilimkuta mbele ya kompyuta, miwani mkononi. Wasimamizi wa kamusi walikuwa wameona akaunti mpya nyingi, zote zimezaliwa ndani ya saa moja, zote kutoka simu moja na nyumba moja, na nyumba hiyo ndiyo yake. Kwao maana ilikuwa dhahiri: mwandishi wa makala amejigeuza watu wengi ili ajipigie kura. Walikuwa wamemfungia. Hangeweza kuandika popote isipokuwa kwenye ukurasa wake mwenyewe, kukata rufaa.

"Nimeshtakiwa," alisema, kama mtu anayejaribu nguo isiyo yake.

Nilimwambia ni jambo dogo, litaeleweka. Akatikisa kichwa. Makala zote alizoandika zilisimama juu ya kitu kimoja, kwamba aliyeziandika haelemei upande wala hadanganyi. Akishakuwa mwongo katika hii, nani ataamini zile nyingine? Watarudi kwenye ngazi, alisema, na nilijua anasema juu ya nani.

Nilimpigia simu Apiyo, na mchana huo wakaja wote, wamevaa nguo za kanisani. Mama Apiyo hakuketi. Alitaka aambiwe Jongoo anakaa wapi, aende akapige magoti. Nikamweleza kwamba hakuna anayejua. Akasema basi apelekwe kwa huyo msimamizi. Nikamweleza kwamba huyo naye hajulikani anakaa wapi. Alituangalia kwa huruma.

"Sasa hii kazi mnafanya na nani," aliuliza, "na majini?"

Mkalimani akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akanisogezea kompyuta niandike, akaenda kuketi kiti cha mshtakiwa. Nikangoja.

"Mshtakiwa anasema kwamba," akaanza.

Nikaondoa mikono kwenye vibonyezo. "Mama, hapa hakuna wa kumsemea. Sema mimi."

Mwanamke aliyesema "mimi" maisha yake yote kwa niaba ya watu hakuipata ya kwake. Alitazama kiti kitupu mbele yake. Mama Apiyo akaenda akasimama nyuma yake na kumwekea mkono begani, naye akasema, na mimi nikaandika bila kugusa neno:

"Mimi ni mtu mmoja. Wale wanawake ni wengi. Nilikuwa mkalimani wa mahakama, nikasema maneno ya watu wengi kwa mdomo mmoja, na hakuna hakimu aliyesema watu wale wote ni mimi. Wao wamesema maneno yao kwa simu moja. Kosa lao ni kutojua desturi ya hapa. Kosa langu ni kwamba nilikuwa jikoni. Makala ikikosa vyanzo, ifuteni, nitakubali. Lakini msiseme wao hawapo."

Nilituma. Tukala, maana chakula kilikuwa kimeletwa, na hakuna aliyekimaliza.

Jibu lilikuja kesho yake, na aliyetangulia kujibu alikuwa Jongoo. Aliandika kwamba ameisoma rufaa na anaiamini. Kisha, kama mtu anayetaja jambo dogo, aliandika kwamba alirudi kutafuta vizuri zaidi, akakuta majaji wa kwingine wameitegemea kesi hiyo katika hukumu zao, na kitabu kimoja cha sheria ya ardhi kimeieleza kwa kirefu. Ameshaviongeza vyanzo hivyo kwenye makala, na pendekezo lake la kuifuta analiondoa. Msimamizi akafungua akaunti ya Mkalimani. Maoni ya wanawake hayakufutwa, ila yalipigwa mstari katikati, kuonyesha kwamba hayahesabiwi.

Mkalimani alihofia watachukia. Alimwonyesha Mama Apiyo mwenyewe. Mama yule alipitisha kidole juu ya mistari hiyo, akamuuliza binti yake kama maneno yaliyo chini yanaonekana. Apiyo akasema yanaonekana.

"Wametupiga mstari," mama akasema, "lakini bado tunasomeka."

Wakacheza. Sitii chumvi: walicheza kuanzia sebuleni hadi kwenye korido, na mwenye nyumba akapanda kuuliza ni arusi ya nani.

Baadaye nilihamia Nyamasaria, na ziara zangu zikawa za kubahatisha. Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa Jumamosi yenye jua, na nilimkuta Mkalimani anasoma kwa kioo cha kukuzia, amekonda kidogo, sauti ile ile. Kochi lilikuwa limejaa kama zamani. Tulikuwa hatujamaliza kusalimiana mlango ulipogongwa, na mzee mmoja akaingia, kofia mkononi, fimbo kwapani. Kochi zima likamgeukia. Mama Apiyo ndiye aliyeninong'oneza: mwenye uzio.

Mzee alisema kwamba mjukuu wake amemwambia yumo kwenye mtandao. Amekuja kusikia wanasema nini juu yake. Mkalimani akamwonyesha kiti cha mshtakiwa kwa heshima zote.

"Hapana, Mama," mzee akasema. "Hicho nilishakaa."

Akajibana kwenye kochi, kati ya Mama Apiyo na mkono wa kochi. Mkalimani akabaki amesimama. Nikaelewa kwamba viti vile viwili, miaka yote, vilikuwa maandalizi ya mtu huyu mmoja. Akasoma upande wake, kwa nafsi yake: "Ardhi hii niliinunua. Hati ninayo. Sikumfukuza mtu yeyote. Niliweka uzio kwenye mpaka niliouziwa, na kama mpaka ulikuwa na kosa, kosa halikuanzia kwangu." Akaendelea mpaka uamuzi, bila kupandisha sauti palipo na ushindi wala kuishusha palipo na hasara. Hata Mama Apiyo hakugonga goti la mtu.

Mzee akaweka kofia gotini.

"Ndivyo nilivyosema," akasema. Mkalimani akavua miwani na kuipangusa, ingawa ilikuwa safi. "Lakini kuna kitu mmekosa."

Mkalimani akairudisha miwani usoni.

"Paka," mzee akasema. "Mbona paka hamkumweka? Yule paka ndiye aliyenimaliza. Wakili wangu aliposimama kumpinga paka, nilijua nimeshindwa."

Kochi lilipasuka kwa vicheko, naye mzee ndani yake, akijifuta macho kwa kofia. Mkalimani alingoja watulie.

"Chanzo hakuna, Mzee."

"Mimi nilikuwepo."

"Hata mimi nilikuwepo. Na hawa wote. Sisi sio chanzo."

Mzee akatazama huku na huku, kama anayetafuta wakili. Alipomkosa, akanyanyuka. Mama Apiyo akavuta kikapu chake, akamfungia omena kwenye gazeti na kumwambia zimeanikwa pale pale. Mzee akachungulia ndani ya gazeti, akachukua moja, akaitafuna kwa makini.

"Ina mchanga," akasema.

"Mchanga wa kwako," Mama Apiyo akajibu.

Akacheka tena, akavaa kofia, akatuaga sote, "Oriti," na kutoka. Mlango wa Mkalimani ulikuwa na tabia ya kukwama mvua za masika zikishapita, na haukufunga mara ya kwanza. Tukamsikia huko nje akiweka fimbo chini, akiushika kwa mikono miwili, akiuvuta taratibu mpaka ukafunga.